Palizi na Mpira wa Barafuni

Kitabu kilinuka mafuta ya mandazi. Kilikuja Rubondo, upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ndani ya gunia la makaratasi ambayo jirani yetu Mama Furaha aliyatoa mjini Mbarara ili afungie mandazi yake, na nilipokiokoa kilikuwa kimekwisha kupoteza jalada la nyuma. Jalada la mbele lilikuwa na picha ya mwanaume mwenye mabega mapana, ameshika gongo, akimtazama msichana aliyevaa kofia ya sufu. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya Kiingereza, na yule mwanaume alikuwa mchezaji wa mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya barafu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alifia njiani vita vilipotutoa Kivu ya Kusini, Mama alizikwa pale pale Rubondo, nami nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la saba ili niwalee wadogo zangu wawili, Byamungu na Faida, walioniita Yaya, yaani mkubwa wao.

Mwanzoni mwa mvua za msimu ule shangazi yetu alikuja kutoka Oruchinga, kambi nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezika wengi na hakutaka kuzika zaidi. Alilitazama shamba letu la maharage, jinsi majani yalivyolimeza, akasema mbele ya majirani: "Weye uko mutoto, na mutoto hawezi kulea batoto. Nikirudi nikute shamba iko hivi, Faida anaenda na miye, na Byamungu anaenda kuchunga ng'ombe kwa mujomba." Mkubwa hajibiwi. Lakini usiku sikulala, na asubuhi nilishika jembe kabla ya umande kukauka.

Shida ilikuwa wadogo zangu. Palizi haina utamu, na Faida alikuwa akifika nusu ya mstari anakaa chini na kulia. Ndipo nilipokichukua kitabu. Nikawaambia nitawasomea nikiwa nimesimama mbele yao, wao wapalilie wakinifuata, na jembe likisimama, hadithi nayo inasimama. Siku ya kwanza tulimaliza mistari ambayo kwa kawaida ingetuchukua juma zima. Siku ya pili Mama Furaha alipita akitoka kisimani, akasikia, akautua mtungi wake. Siku ya tatu alikuja na wanawake wawili wa kanisani, nami nikaweka sheria: sikio lije na jembe lake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwetu mikono ilianza kuwa mingi.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, nacho hakikujua lolote kuhusu barafu. Barafu tuliyoijua ni ile ya sharubati inayouzwa Mbarara ndani ya vifuko vya plastiki, na wanawake walitaka kujua kifuko kikubwa cha kutosha uwanja mzima wanakifunga vipi. Kumbe katika mchezo ule, mchezaji mkorofi huondolewa uwanjani na kuketishwa kando kwa dakika chache, na mahali pale kwa Kiingereza panaitwa sanduku. Mimi nikatafsiri kama nilivyoona: mwamuzi akapiga filimbi, wakamtia ndani ya sanduku. Kwetu mtu akitiwa ndani ya sanduku, hilo ni jeneza. Mama Furaha alishika kichwa.

"Banamutia mu sanduku? Si alikuwa angali anapumua!"

Nikasoma mbele haraka: dakika mbili zikapita, mwanaume akatoka mbio, akafunga goli. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, "Amefufuka!" na mstari mzima ukaitikia haleluya. Mabusu nayo niliyaonea haya, nikawa nasoma kwamba wakasalimiana sana. "Banasalimiana tena?" Mama Furaha aliuliza. "Si balisalimiana jana? Na mahari je, alishatoa?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wanawake waliotoka Kivu kwa miguu walimpenda mwanaume yule kiasi kile. Nadhani ni kwa sababu ya uwanja. Mapenzi matupu hayana mwamuzi, lakini mchezoni kila kitu huonekana: anayeangushwa huanguka mbele ya watu wote, anayeinuka huonekana akiinuka, na kosa hupigiwa filimbi. Sisi tulikuwa tumetendewa mengi ambayo hakuna aliyeyapigia filimbi. Tena wanaume wenye magongo tuliwajua, nao hawakuwa wa mchezo. Huyu alimaliza nguvu zake uwanjani, kisha akaja mlangoni kwa msichana akitetemeka.

Shangazi alirudi maharage yakiwa katika maua. Siku hiyo nilikuwa nimefika pale ambapo timu ilimuuza yule mchezaji kwa timu ya mji wa mbali.

"Banauzisha mutu?"

"Kama mbuzi!"

"Na musichana wake anabaki na nani?"

Nikainua macho, nikamwona shangazi amesimama ukingoni na mfuko wake kichwani. Nikaendelea kusoma, maana kunyamaza kungekuwa kukubali kushindwa. Shangazi akasogea, akasogea tena. Mama Furaha, bila hata kugeuka kumtazama ni nani, akasema, "Mama, hapa hatusikilize na mikono mitupu." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini shangazi hakungoja hata kivuli cha siku ya kwanza kigeuke. Alijifunga kitenge, akachukua jembe la Faida, akaingia mstarini. Akainama. Akatafuta huku, akatafuta kule.

"Sasa nipalilie nini?" akasema kwa hasira. "Hapa majani iko fasi gani?"

Mama Furaha ndiye aliyeanza kucheka, kisha wengine, na mwisho shangazi mwenyewe, aliyekuwa amesikia alichokisema. Alikaa nasi hadi mchezaji alipomrudia msichana wake, akarudi Oruchinga peke yake.

Leo ninauza vitenge Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Wasichana wa maduka ya jirani husoma hadithi za namna ile kwenye simu, kila mmoja kimya, akitabasamu peke yake. Nami huwaonea furaha, na huruma kidogo. Juzi Byamungu, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki, alituonyesha mimi na Faida mchezo wenyewe kwenye simu yake. Sikuwa nimewahi kuuona. Tulibanana benchi moja, watatu, na wale wanaume wakapita kama mbayuwayu. Mpira sikuuona kabisa.

"Yaya," Faida akaniambia, "bakikimbia hivi, mutu atapalilia saa ngapi?"