Wimbo wa Mama Mbele ya Sultani

Je, mtu anaweza kuiba kitu chake mwenyewe? Swali hilo lilinijia nikiwa msichana mdogo, nimekaa vumbini mbele ya baraza la sultani wetu, mkuu wa vijiji vya upande ule wa Kasongo, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Sikuweza kulijibu, na niliowauliza waliniambia ninyamaze. Kila ninapolikumbuka, nasikia kwanza mchi. Mama alitwanga mpunga nyuma ya nyumba umande haujakauka, vumbi la pumba likimpanda hadi kwenye nyusi, harufu yake kavu ikitufikia ndani tulikolala. Alitwanga na kutunga kwa pamoja. Kukaa chini atunge, nani alikuwa na nafasi hiyo? Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba la lazima, na msimamizi alipita na fimbo kutazama kama magugu yameng'olewa. Mchi ulimpa mama mapigo, hasira ikampa maneno. Aliurudia mstari mmoja, akautupa, akaanza mwingine, mpaka siku moja ukatulia:

Pamba imejaa ghalani,
chungu changu kitupu.
Wewe mwenye fimbo,
njoo ule pamba yako.

Kwetu wimbo ulikuwa na mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Aliyetaka kuuimba kwenye sherehe yake alimwendea aliyeutunga, akampelekea kuku, akauomba. Kuku hakuwa bei. Ilikuwa njia ya kusema: najua jambo hili limetoka kichwani mwa nani. Ndivyo alivyokuja Mama Zaituni, mke wa mwenye duka katika mtaa wa Waislamu mjini, kuku kwapani, jasho usoni.

"Odi, Mama Feza! Binti yangu anaolewa. Nimekuja kuomba wimbo yako ya pamba."

Mama akamtazama kuku kwanza. "Huyu iko mugonjwa, ao alikuja kwa miguu toka Nyangwe?"

"Umupike leo. Kesho utamuzika."

"Lakini wimbo haiko ya harusi, mama."

"Bwana harusi iko mulimaji wa pamba. Acha binti ajue mapema kama chungu itakuwa tupu!"

Walicheka mpaka mama akaegemea kinu. Mama Zaituni alikaa hapo asubuhi nzima akifundishwa, na kila alipokosea sauti mama aligonga kinu kwa mchi, naye akaanza upya. Sijaona mwalimu mkali kuliko mama yangu siku ile, na nimekaa mbele ya walimu wengi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Baba alikuwa mwalimu katika shule ya misheni, na ndiye aliyeongoza kwaya. Akainua mikono, na kwaya ikaimba wimbo mpya. Maneno yalikuwa ya Padri, yakisifu mavuno ya mbinguni. Sauti ya kuyaimbia ilikuwa ya wimbo wa mama, tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale katikati inaposhuka kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikamvuta kitambaa. "Mama! Ni yako!" Akanibana mkono. "Nyamaza, tuko kanisani." Hakuna aliyekuja nyumbani kwetu na kuku, wala unyoya wa kuku. Niliamini kwamba Padri alipita njiani kwa baiskeli, akausikia, akauchukua kama mtu anavyookota embe lililoanguka, na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Kisha harusi ya binti Zaituni ikafika. Wanawake wa mjini waliuimba wimbo wa pamba kwa vifijo, wakionyesha vyungu vitupu, nasi tukicheka pamoja nao. Katekista mmoja alikuwa akipita. Alisikia sauti ya kanisa imebeba maneno ya fimbo na njaa, akaenda kumwambia Padri. Wiki haikwisha, polisi wa sultani akaja kumwita mama. Alishtakiwa kuwa ameiba wimbo wa kanisa na kuutia matusi.

Sultani alikaa kwenye kiti chake, Padri pembeni, kofia yake ngumu magotini. Mama alisimama juani, Sultani akamuuliza:

"Unasema ni wimbo yako. Nani alikusikia ukiitunga?"

Mama Zaituni akaruka kabla hajaitwa. "Mimi niliiomba kwake! Nilileta kuku!"

"Na yule kuku alikufa njiani!" mtu akapaza sauti nyuma, watu wakacheka.

Sultani hakucheka. "Mwanamuke atamutetea mwanamuke mwenzake. Na wewe haujabatizwa. Nataka mwanaume, mubatizwa. Iko?"

Baba alisimama karibu na nguzo, kofia mkononi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na ukuta wa udongo. Alikuwa ameusikia wimbo ule ukizaliwa, mstari kwa mstari. Nikamngojea afungue mdomo. Alikuwa akiigeuzageuza kofia yake. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haiko, Sultani." Akakatazwa kuuimba wimbo wake popote, na akaamriwa kufyeka nyasi za misheni hadi mwezi mwingine uandame. Tangu hapo alitwanga kimya. Tuliamka kwa mchi peke yake, kavu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Miaka mingi nilimwonea hasira kwa neno lile, kwa sababu sikuelewa kwa nini hakumnyooshea baba kidole.

Leo bendera ni yetu. Pamba ya fimbo imekwisha, nami nimefika chuo kikuu, ambako mwalimu wetu, Mkongo kama mimi, alituchezea sauti za nyimbo za vijijini na kutuambia kwamba hazina mtunzi, ni mali ya jamii nzima. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza kama jamii nzima ilikuwa imeshika mchi mmoja. Darasa likacheka, naye akaniambia, "Madmazeli, hasira si hoja." Labda. Lakini makala yake kuhusu nyimbo hizo yana jina lake, kubwa, juu ya karatasi ya kwanza. Anayeandika juu ya wimbo ni mtu. Aliyeutunga ni jamii. Nikikaa darasani humo naona kwamba Wabelgiji wameondoka na hukumu ya sultani imebaki, imevaa tai tu. Wanawake wanaotwanga sasa hivi, kutoka Kasongo hadi Kabambare, wanatunga, na kesho tutaambiwa hawakuwapo.

Mwaka tuliomzika mama, baba aliniita tukae peke yetu. Aliniambia kwamba Padri hakuusikia wimbo ule njiani. Ni yeye, baba, aliyemwimbia, maana Padri alitaka sauti mpya kwa ajili ya kwaya. Na alipoulizwa ni ya nani, alijibu kwamba ni ya zamani, haina mwenyewe. Kama jambo hilo lingejulikana pale barazani, angefukuzwa shuleni kwa kumdanganya Padri, na sisi watoto pamoja naye. Mama alikuwa amemuuliza Jumapili ileile ya kwaya, walipotoka kanisani, naye hakumficha.