Historia ya Marehemu

Leo ukumbini nimepewa kipaza sauti kinachonuka chuma na mate ya watu, nikaukumbuka msiba wa mama, kule Igogo, kando ya ziwa. Nilikuwa bado shule ya msingi. Shangazi alinichagua nisome historia ya marehemu kwa sababu darasani nilisifiwa kwa kusoma.

"Paza sauti, wa nyuma wasikie," aliniambia, akinipa kipaza sauti chenye harufu hiyo hiyo.

Nilisoma alikozaliwa, alivyougua, watoto aliowaacha, hata jina langu, bila kukwama. Upepo wa ziwani ulikuwa unapigapiga turubai.

"Katoto haka kanaongea vizuri!" mzee mmoja alisema.

Nilipomaliza, shangazi alinivuta kifuani. "Haya mwanangu, sasa lia."

Nilijaribu, hakikuja kitu. Nikaenda kuwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nao wakaitikia marahaba huku wakifuta machozi.