Hita ya Wifi Yangu

Kaka yangu ni fundi wa hita za maji, na kwa wateja ana mdomo wa dalali. Hafungi tangi bila kumkalisha mwenye nyumba na kumfundisha: ndani kuna koili ya kuchemsha, kuna swichi ya joto inayokata umeme maji yakishapata moto, na ubavuni kuna vali ya usalama. Maji ya moto hutanuka, kwa hiyo vali hutona kidogo. Iache itone, huwaambia, ndivyo tangi linavyopumua.

Akifika nyumbani anakuwa bubu. Anakula, anaoga, analala. Wifi yangu, mkewe, alioga maji ya ndoo miaka yote hiyo, maana kinyozi hajinyoi. Siku alipolalamika mbele ya watu, kaka aliona haya, akaleta tangi kuukuu alilolitoa kwa mteja. Akalifunga harakaharaka, akamwonyesha swichi ya ukutani, akaenda zake kazini.

Wifi alifurahi hadi akaniita nikaoge. Lakini vali ikawa inatona, na mtaani kwetu maji ni ya mgao, hayaachwi yapotee. Akamwambia mumewe kwamba tangi linavuja. Kaka akajibu kwamba anajua, bila kuinua macho kwenye sahani. Basi wifi akachonga kigingi, akaziba, akakaza kwa mpira wa baiskeli. Alijiona mke wa fundi kweli.

Swichi ya joto ya tangi lile ilikuwa imekufa. Maji yakachemka kupita kiasi, mvuke ukakosa pa kutokea, tangi likapasuka yeye akiwa anafua pale bafuni. Aliungua mikono yote miwili. Na neno la kwanza la kaka yangu hospitali, mbele ya manesi, lilikuwa kumuuliza nani alimwambia azibe. Nilitamani kumzaba kofi.

Alipotoka hospitali, wifi alikwenda kwa mama yake. Kaka hakuweza kukaa peke yake, akaniomba nimsindikize akamrudishe mkewe. Njia nzima nilimsihi: ukifika, omba radhi, basi, mengine yatafuata.

Tulipoketi sebuleni, mama mkwe, kwa adabu tu, akauliza ilikuwaje tangi likapasuka. Macho ya kaka yakang'aa. Akaanza na koili, akaja kwenye swichi, akaeleza kutanuka, akaeleza kwa nini vali hutona na kwa nini haizibwi kamwe. Taratibu, kwa upole, akirudia pale mama alipokunja uso. Hata mimi nilielewa. Wifi alikuwa ameketi mbele yake, bendeji hadi kwenye viwiko, na kaka hakumgeukia hata mara moja.

Alipomaliza, mama akamshukuru. Wifi akamtazama mumewe.

"Kumbe maneno unayo," alisema.

Akainuka, akasukuma mlango wa chumba kwa bega, akaingia ndani. Sisi tukarudi wawili, kama tulivyokuja.