Nemesia anaomba baridi izidi

Alfajiri kwenye uwanda wa juu wa Oruro, Nemesia Colque anaokota viazi viwili vilivyotandazwa chini na kuvigonganisha. Vinalia kama mawe. Anatabasamu.

Anasogea hadi kwenye turubai lililofunika nusu nyingine, analiinua, anabonyeza kiazi. Kidole kinazama.

“Nani kafunika hapa?”

“Mimi, mama,” anajibu Yoselin, mke wa mwanawe, mzaliwa wa tambarare za joto za Santa Cruz. “Jana jioni niliona manyunyu, nikajua vitaoza.”

“Kwenu hata viazi vinafunikwa kama vichanga? Baridi tumeililia wiki nzima, imekuja usiku mmoja, wewe umeifungia mlango!”

Wanazungumza Kihispania, ambacho Nemesia anakibabaisha. Matusi anayamalizia kwa Kiaimara, lugha ya kwao, na Yoselin hahitaji mkalimani. Machozi yanamtoka.

Viazi hivi vikiganda usiku na kuyeyuka juani, Nemesia atavikanyaga kwa miguu mitupu hadi maji yatoke, vikauke viwe chunyo. Ndicho chakula chao hadi mavuno yajayo. Ila Juni ya mwaka huu imejaa mawingu, na chini ya mawingu viazi havigandi, vinaoza.

“Zamani baridi ilitufuata hadi kitandani,” anasema Nemesia. “Siku hizi tunaitafuta kama mbuzi aliyepotea.”

Ameogopa, na hafichi. Nusu iliyofunikwa ikikosa baridi usiku wa leo, anasema, ni ya kumwaga.

Mchana anampelekea Yoselin bakuli la supu. “Kula. Na mimi sikukwambia. Huku hatuambizani mambo haya, mtu anakua anayaona.”

“Leo sifuniki, mama, hata ikinyesha mvua ya mawe.”

“Ikinyesha ya mawe, tutakula mawe.”

Wanacheka kidogo, kisha wote wawili wanatazama juu. Upande wa magharibi wingu limeanza kujikusanya tena.

Akiokoa viazi hivi, Nemesia anataka mwakani atandaze mapema zaidi, na Yoselin awe pembeni yake tangu siku ya kwanza.

Ndani, mjukuu wake anakohoa. Kifua kimembana tangu juzi, na dirisha la chumba chake halina kioo. Jioni Nemesia anachukua turubai lile lile, analipigilia dirishani kwa misumari, anazibia pembe zake kwa matambara.

Kisha anatoka nje, anapiga magoti kando ya viazi vyake, na kuomba baridi kali kuliko ya jana.