Fundi Aliyehamia Karakana

Fundi makochi alianza kulala karakana msimu wa mvua, na sababu aliyompa mkewe ilikuwa nzuri: wezi wa mbao. Ukweli ni kwamba mara kadhaa mfululizo mwili wake ulikuwa umemgomea kitandani. Mkewe hakusema kitu, alivuta shuka akageukia ukutani. Fundi akauchukua ukimya ule kuwa hukumu.

Basi akawa anajilaza kwenye kochi la mteja, nailoni ikichakarika kila akijigeuza. Mchana alikuwa mcheshi vilevile. Jirani yake muuza spea alipomtania mbele ya mafundi wenzake, "Macho mekundu hivyo, shemeji anakupa kazi nini?" yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakishaondoka, anabaki ameduwaa, nyundo mkononi.

Akanunua unga wa mizizi wa nguvu za kiume kwa mchuuzi wa stendi, akaulamba nyuma ya marundo ya sponji. Moyo ulimwenda mbio mpaka akakaa chini, jasho likimtoka. Hakuwa na wa kumwita. Na hata angempata, angemwambia amekula nini? Hofu hiyo ndiyo iliyomfikisha zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yake. Fundi akaanza na mgongo, akaingia magoti, akakwama.

"Na chumbani je, baba?"

Akaikodolea macho kofia aliyoipakata. "Huko kumezimika."

Daktari hakucheka. Akamuuliza kuhusu kiu, haja ndogo ya mara kwa mara, sigara. Yote alikuwa nayo, na ule unga akautaja. Akampima presha, akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu.

"Sukari inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu," alisema. "Damu isipofika vizuri, uume hausimami. Ni ugonjwa, baba, si uanaume kuisha. Tutashughulika na sukari kwanza, na sigara uache. Vidonge vya kusaidia vipo, ila mpaka niupime moyo wako. Ule unga utupe. Mama anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Hofu nayo inazidisha."

Hakumwambia. Alizunguka na maneno yale kifuani siku nyingi, mpaka jioni moja mkewe akaja mwenyewe karakana, akasimama mlangoni bila kuvua mtandio.

"Baba, niambie tu. Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Fundi akaweka mkasi chini, akasema yote huku akitazama sakafu. Mkewe akajikalia kwenye fremu ya kochi lisilo na sponji.

"Kumbe," alisema. "Na mimi najitazama kwenye kioo kila asubuhi, najiuliza nimekukosea nini."

Fundi alirudi kulala nyumbani siku hiyohiyo. Sukari imeshuka polepole. Sigara aliwahi kuzirudia, akaacha tena. Vidonge alivyoandikiwa baada ya kupimwa moyo, siku nyingine vinafanya kazi, siku nyingine wanaishia kupiga soga gizani, na hilo ameanza kulizoea.

Barazani kwa mafundi hakuna anayejua. Wakianza hadithi zao za chumbani, naye anacheka kwa sauti, kisha anakumbuka kwamba gundi yake itakauka, anaondoka.