Pale Mkono Wangu Usipofika

Gari letu lina jante, yaani rimu za magurudumu, za alumini zenye matawi matano, na kila tawi limegawanyika mara mbili kabla ya kufika ukingoni. Aliyezichora alifikiria uzuri, hakufikiria matope. Kati ya tawi na tawi kuna nafasi ndogo. Vidole vyangu vinaingia, kisha kiganja kinakwama. Mkono wa mke wangu ulikuwa unapita wote, mpaka karibu na kiwiko.

Kwa miaka mingi hivyo ndivyo tulivyoyaosha magurudumu, Jumamosi mchana, ili gari lipande kanisani Jumapili likiwa safi. Nyumba yetu ya Bukavu iko juu ya mlima, inafikiwa kwa ngazi zilizochongwa kwenye udongo, kwa hiyo gari linalala chini, katika kiwanja cha jirani yetu, mwalimu aliyestaafu. Mimi nilimwaga maji na kuosha upande wa nje. Mke wangu alikalia bidoni tupu, dumu la maji, akajifunga kipande cha kitenge cha zamani kwenye vidole, akaingiza mkono nyuma ya matawi. Uso aliuelekeza kwingine, ziwani au kwa wapita njia, kwa sababu mle ndani hapakuwa na kitu cha kuona. Alisikiliza kwa vidole.

"Hapa bado," alisema. Nikamwaga maji. "Hapa bado."

Siku moja alisema, "Kuko kakitu kanacheza huku." Kilikuwa kile kipande cha madini ya risasi ambacho kwado, fundi wa matairi wa kando ya barabara, hukibandika ndani ya jante ili gurudumu lizunguke bila kuyumba. Kilikuwa kinabanduka. Mimi ninatengeneza mizani ya sokoni. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua mizani iliyokufa na kusoma kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Ninajua uzito mdogo ukikaa mahali pasipo pake unavyoharibu kipimo chote. Lakini kakitu kale sikukajua mpaka aliponiambia.

Kisha mama yake, anayeishi Sange, kule bondeni, alianguka akaumia nyonga. Nilimpeleka mke wangu huko akamwuguze. Tulikubaliana akae mpaka mama aanze kusimama. Nikarudi peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nilipotoka tu Sange nilizama kwenye shimo la matope nikasukumwa na watu. Mbele, kwenye njia iliyonyooka kuelekea Kamanyola, usukani ulianza kutetemeka. Matope yalikuwa yamejaa ndani ya gurudumu la mbele la kulia, upande mmoja tu. Nilipanda milima ya Ngomo polepole, nikafika nyumbani, nikajiambia tutayatoa Jumamosi atakayokuwa amerudi.

Vita vikafunga barabara nyuma yangu.

Mle ndani matope yalikauka yakawa kama kipande cha chungu. Mjini hakuna mahali pa kukimbiza gari, kwa hiyo hayakunisumbua. Niliosha upande wa nje kila Jumamosi, na nyuma ya matawi nikapaacha. Sitasema nilipaacha kwa sababu gani. Udongo wa Sange una rangi ya majivu, wa kwetu ni mwekundu. Nilikuwa nikiinama na kuuona.

Miezi ilipita. Tulizungumza kwa simu mtandao ulipokubali. Siku moja mke wangu alisema kwamba watu wameanza kupita tena, magari kutoka Bukavu yanateremka mpaka Kamanyola na wao wa bondeni wanafika hapo kwa pikipiki.

"Nimesema na mama," aliniambia. "Akikubali, tutakuja wote wawili. Atakaa kwetu. Lakini sikia, baba batoto. Ile gari isitetemeke. Ile nyonga yake haiwezi."

"Haitatetemeka."

"Umeshayatoa yale matope?"

"Bado."

"Miezi yote ile," alisema.

Kesho yake nilimwita kwado. Njia fupi ilikuwa kulitoa gurudumu na kulilaza chini, na mtu yeyote mwenye akili angeanza na hiyo. Kwado alijaribu boliti za kwanza, zikalegea. Kwenye ya mwisho alisimama, akajifuta uso.

"Papa, hii moja imeshakufa. Nikiilazimisha itakatika. Ikikatika, utapata ingine wapi wakati huu? Utaenda kuchukua mukwe wako na boliti ngapi?"

Nilimwambia akaze zile zingine arudi kwake. Gurudumu lingesafishwa likiwa mahali pake. Nilihitaji kifaa cha kufanya kazi ya mkono wa mke wangu.

Nilikaa nikafikiri kama ninavyofikiri juu ya mzani. Kifaa hicho kilipaswa kuwa chembamba, kipite kati ya matawi. Kiwe kirefu, kwa kuwa ndani ya jante kuna kina kuliko mtu anavyodhani. Kijipinde bila kuvunjika, maana breki imekaa karibu sana na inazuia njia. Tena kisikwaruze rangi wala kung'oa ile risasi. Nyumbani nilikuwa na mswaki wa zamani tu na burashi ya kupakia rangi.

Nilipanda soko la Kadutu, kwa mama mmoja anayeuza burashi za kila aina zikiwa zimening'inia kama mboga. Nilichagua ile ya kuoshea chupa za watoto, nikaipitisha juu ya ukucha wangu. Hiyo ni desturi yangu: nywele zikiacha mstari kwenye ukucha, zitaacha mstari kwenye rangi.

"Papa, mutoto iko na miezi ngapi?" aliuliza yule mama.

"Hakuna mutoto. Ni ya gari."

Alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Sikia hii. Gari ya papa ingali inanyonya."

"Basi umupatie na ya thermos," mwenzake akajibu, "ikiacha maziwa ikunywe chai."

Nilichukua zote mbili. Walicheka mpaka nilipofika kona, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kutabasamu, nikifikiria jinsi nitakavyomsimulia mke wangu.

Burashi ya chupa ilikuwa na unene unaofaa, lakini mpini wake mfupi, na kwenye ncha waya ulikuwa wazi. Waya ulio wazi ndani ya jante ni msumari. Niliufunika kwa utepe wa umeme, nikaongeza mpini kwa ufito wa mwanzi. Ile ya thermos ilikuwa ndefu na laini. Nzuri kwa vumbi, lakini kwa matope yaliyokauka ilikuwa kama kumbembeleza mtu aliyelala. Mswaki niliupasha moto kwenye mshumaa nikaupinda shingo, uingie kwenye mashimo yenye boliti. Ile ya rangi nilizikata nywele zikawa fupi na ngumu, kwa ajili ya ukingo. Kwa kukwangua nilichonga mwanzi mwingine, bapa, bila chuma chochote.

Jumamosi nilisubiri gari lipoe, maana breki ya moto haimwagiwi maji. Nikasokota vitambaa vilivyolowa nikavisukuma nyuma ya matawi, nikaviacha humo asubuhi nzima vikiyanywesha matope maji. Kisha nikaanza na mwanzi. Vipande vilidondoka vya rangi ya majivu, na ndani ya kimoja mlikuwa na ganda la mpunga. Nilikishika kwa muda. Halafu nikakiweka chini pamoja na vingine.

Jirani yangu mwalimu alikuwa ameketi barazani.

"Mupasuaji," aliniita, "mugonjwa atapona?"

"Tunamwombea, mwalimu."

"Vyombo vyote vile kwa mupira moja. Na bibi yako alikuwa anatumia nini?"

"Mkono."

Aliinuka akaingia ndani akaniletea bidoni ya maji ambayo sikuiomba.

Nilifanya kazi mpaka maji yakatoka meupe. Bado palikuwa na sehemu moja, nyuma ya tawi la tatu ukihesabu kutoka kwenye valvu ya upepo, ambapo breki inaziba. Burashi ilifika. Ilikwenda na kurudi. Lakini burashi inateleza juu ya pasafi na juu ya pachafu kwa namna ileile, na mkono wangu huku nje haukupata habari yoyote. Niliinama nikatega sikio kama mjinga. Nilichotaka kusikia ni "hapa bado".

Siku ya safari ya kuwachukua Kamanyola nililaza kiti cha mbele nyuma kabisa, nikaweka mito miwili na blanketi kwa ajili ya mama. Kwenye tambarare ya Nyangezi niliongeza mwendo kupima. Usukani ulitetemeka, kidogo sana, kama mzani uliowekwa juu ya meza ambayo mtu anaiandikia. Mgonjwa wa nyonga angeusikia. Nilipunguza mwendo, nikateremka Ngomo nikiwa na mguu kwenye breki, bonde likifunguka chini yangu, na mto Ruzizi ukionekana na kupotea.

Mke wangu alifika Kamanyola kwa pikipiki, ameketi upande. Nilimtambua kabla dereva hajasimama. Alikuwa amekonda. Nikatazama nyuma yake kama kuna pikipiki ya pili, kisha nikatazama mikono yake. Hakubeba mfuko.

"Hakuna muzigo," nilisema.

"Hakuna." Alishika mkono wangu akautikisa, kama tunavyosalimiana mbele za watu, lakini hakuuachia. "Mama amekatala. Juzi alikubali, leo asubui amekatala. Anasema nyumba yake itabakia na nani. Tena anasema ile gari ya mukwe inatupa watu."

"Nimeisafisha."

"Na leo imetetemeka?"

Ningeweza kusema hapana. "Kidogo," nilisema.

"Unaona. Mama anakujua." Akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile.

Aliitazama mito miwili kwenye kiti. Akaingiza mkono dirishani akaunyoosha mmoja, ingawa ulikuwa umenyooka. Kisha akauliza gurudumu ni lipi. Nikamwambia tungoje lipoe. Tukala bugali na samaki penye kivuli cha duka, nikamsimulia juu ya gari linalonyonya na kunywa chai, naye akanieleza jinsi mama anavyojaribu kusimama kwa kushika meza na anavyogombana na meza hiyo kama mtu.

Gurudumu lilipopoa alikaa juu ya jiwe, akatoa kitambaa cha kichwani, akajifunga kwenye vidole. Mkono wake ukapita kati ya matawi. Uso akauelekeza kule kwenye tambarare. Nilikuwa nimesimama na bidoni, tayari kumwaga.

"Hapa ni safi," alisema. "Hapa safi. Umefanya kazi." Kisha vidole vikasimama. "Hapa bado."

"Nyuma ya tawi la tatu."

"Nyuma ya tatu. Tope limekaa kama kovu. Mwaga."

Nilimwaga. Alikwangua kwa kucha, taratibu, akaleta nje kipande chembamba cha udongo mgumu kisichozidi ukubwa wa jani la maharage. Akakitupa njiani bila kukiangalia. Kule anakoishi sasa amezungukwa na udongo huo. Mkono wake ulikuwa wa rangi ya majivu mpaka kwenye kiwiko. Niliumwagia maji, juu na chini, mpaka bidoni ikaisha, na hata ilipoisha hakuuondoa mara moja.

Alirudi Sange jua lingali juu, kwa sababu mama hakuwa na mtu wa kumpikia. Nami nikapanda Ngomo. Nilipofika tena Nyangezi niliongeza mwendo kama asubuhi. Usukani ulitulia kabisa. Kiti cha pembeni kilikuwa kimelala na mito yake, na gari lilikwenda laini kiasi kwamba niliisikia mito ikisuguana. Nyumbani niliibeba kwapani nikipanda ngazi.

Siku chache baadaye alipiga simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

"Mama ameuliza," alisema. "Bila mimi kumwambia kitu. Ameuliza: ile gari ya mukwe ingali inatetemeka?"

"Mwambie haitetemeki."

"Umepima?"

"Nimepima siku ileile, pale Nyangezi."

"Na tangu siku ile umepita kwenye matope?"

Nilifikiri. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, na nilikuwa nimekwenda Mumosho kutengeneza mzani wa mnunuzi wa maharage. Njia ile ni udongo mtupu.

"Nimepita," nilisema.

"Basi usiache yakauke tena. Mama anaweza kuamuka siku moja aseme twende, na kesho yake amebadilisha. Gari ikae tayari. Ile tawi ya tatu, uiangalie."

"Nitaiangalia na burashi."

"Burashi haina vidole," alisema. "Lakini uiangalie."

Nilishuka kwa jirani. Haikuwa Jumamosi. Nilipanga vyombo juu ya gunia: mwanzi, burashi ya chupa, ya thermos, mswaki uliopinda shingo, ile ya rangi. Nikagusa breki kwa mgongo wa kidole, ilikuwa imepoa. Nikajaza bidoni, nikaigeuza nyingine tupu iwe kiti, nikaanza na gurudumu la mbele la kulia.