Mpira Juu ya Uchaga

Harufu ya mpira uliopashwa moto hunirudisha shuleni Olenguruone, hata nikiwa nimekalia gurudumu bovu huko Salgaa nikimtazama mtu wa pancha akibana kiraka kwenye tyubu. Nimefanya kazi nyingi bila kudumu katika yoyote, na popote nilipo husimama kutazama mafundi. Harufu hiyo ikipanda, naona uwanja wetu wa darasa la nne, wenye mteremko, ukungu ukiwa umefunika goli moja hata kipa wa upande ule tulimsikia tu akikohoa.

Madam Tabitha alitufundisha somo la michezo bila filimbi. Aliyecheza rafu aliinua mkono mwenyewe, akampelekea mpira yule aliyemchezea. Tukimaliza tuliketi duara kwenye nyasi, kila mmoja na kijiwe mkononi. Ukiona umejitunza na kuwatunza wenzako, unakiweka mbele yako. Ukiona hukufanya hivyo, unakiweka nyuma ya mgongo. Hakuuliza sababu. "Kijiwe ni chako," alituambia. "Mimi nahesabu watu tu, wasipotee kwenye ukungu."

Tulikuwa na mpira mmoja wa ngozi, na kwa kuwa stoo ilivuja, kila Ijumaa mwanafunzi wa zamu aliubeba nyumbani, na Jumatatu akamkabidhi wa zamu iliyofuata autunze wiki hiyo. Zamu yangu ilipofika, mvua ilininyeshea njia nzima, mpira ukalowa ukawa mzito kama kabeji. Jikoni kwa nyanya, kitu chochote kilichotakiwa kukauka na kudumu kiliwekwa kwenye uchaga, pale juu ya meko: kuni, vibuyu vya maziwa, mahindi ya mbegu. Kisichopita moshini hakifiki mwaka ujao, ndivyo alivyopenda kusema. Basi nikaupandisha mpira katikati ya mahindi, nikajiona mtu wa busara sana.

Jumapili jioni nikaushusha. Ulikuwa mgumu kama kibuyu, na ukiubonyeza ulilia. Nilijua nimeuharibu. Nikaufuta masizi, nikaupaka mafuta ya kupikia hadi ukang'aa, na Jumatatu asubuhi nikamkabidhi Chelagat, msichana wa kwanza kupewa zamu ile baada ya ubishi mrefu wa wavulana. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema hajawahi kuuona safi hivyo.

Ulipasuka kwa teke lake la kwanza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayepiga chafya.

"Si tulisema?" Kipkoech, nahodha wa wavulana, akamwambia. "Hata mbuzi angeutunza kukushinda."

Madam Tabitha aliuokota, akausogeza karibu na uso wake, akakaa nao hivyo kwa muda. Kisha akatuita kwenye duara. Chelagat aliweka kijiwe nyuma. Mimi nikakiweka changu mbele.

Wiki tatu tulicheza na mpira wa matambara. Chelagat hakukimbia tena kama zamani, na hata siku ambazo hakukosea lolote, kijiwe chake kilikwenda nyuma. Madam naye alituacha duarani muda mrefu kuliko kawaida, umande ukitulowesha kaptura. Niliudhika. Nilidhani amechoka kufundisha.

Mwisho wa wiki ya tatu, Kipkoech alipendekeza kwamba tukipata mpira mwingine, zamu ya wasichana ifutwe kabisa. Chelagat alikuwa aking'oa nyasi, moja moja.

"Ni mimi," nikasema. "Niliukausha juu ya uchaga."

Wote wakanigeukia. Kisha Kipkoech akauliza, "Kwani ulikuwa unaupika? Uliweka chumvi?"

Walicheka hadi wengine wakalala chali, na tangu siku hiyo mpaka nilipoacha shule darasa la saba, jina langu lilikuwa Mpishi. Chelagat hakucheka. Alipeleka mkono nyuma, akatoa kijiwe chake, akakiweka mbele.

"Wiki tatu, wewe," akaniambia polepole.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kisa hiki kama cha mvulana aliyejifunza kusema ukweli. Kisha siku moja pale Salgaa, mtu wa pancha aliinua tyubu akainusa kabla ya kuitazama. Nilipomuuliza, alisema iliyoungua hujulikana kwa pua. Nikamwona Madam Tabitha na mpira usoni. Mafuta yangu hayakuwa yameuondoa moshi wa jikoni kwa nyanya. Alijua tangu Jumatatu ile, na alikuwa akinisubiri.

Angenilazimisha, huenda ningekana. Siku hizi nikiharibu kitu cha mtu, humwambia kabla hajauliza, na mara mbili tatu nimefukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Kwa hilo namshukuru mwalimu wangu. Lakini aliyebeba kusubiri kule si yeye, wala si mimi. Ni mtoto mwingine, aliyeketi kwenye nyasi mbichi wiki tatu na kijiwe nyuma ya mgongo, ili mimi nifundishwe.